Nchagwa Kwenye Rafu ya Mapenzi

Ukishuka Rongo, uliza Mama Vitabu. Usiulize duka la vitabu, maana utaonyeshwa lile kubwa la karibu na benki, linalouza bahasha na kalenda, ambalo mwenyewe hajawahi kufungua kitabu hata kwa bahati mbaya. Uliza Mama Vitabu, nyar Karachuonyo, yule binti wa Karachuonyo aliyeolewa huku, akafiwa na mume, akabaki. Watakupeleka mpaka mlangoni: duka jembamba la mabati ya kijani, kati ya kinyozi na Nyasuguta muuza ndizi. Jina lake hasa ni Phanice.

Sasa huyu Phanice ana ugonjwa mmoja, nao ni wa vibandiko. Hawezi kuona rafu isiyo na jina akalala. Anakata katoni za sabuni, anachukua kalamu nene nyeusi, anaandika kwa herufi kubwa na kupigilia msumari. ZA MTIHANI. ZA MUNGU. ZA KUCHEKA. ZA KULIA. ZA MAPENZI. Na kule kona ya mwisho, palipo na vumbi, HATA MIMI SIJUI. Huko ndiko vinakoenda vitabu alivyovisoma asielewe vinataka nini kwake.

Mwalimu Jerusha, aliyefundisha Kiswahili katika shule ya msingi mpaka akastaafu, ameteseka na vibandiko hivyo miaka nenda miaka rudi. "Phanice mwanangu, ni *vya*. Vitabu *vya* mapenzi." Na Phanice humjibu vilevile kila mara, "Hadithi *za* mapenzi, Mwalimu. Hilo neno hadithi limejificha nyuma ya katoni." Mwalimu husonya, kisha hununua kitabu.

Lakini usicheke vibandiko hivyo. Kwa Phanice kibandiko ni ahadi. Ukinunua kwenye ZA KULIA, utalia. Kuna mama mmoja wa Awendo alirudisha kitabu akisema hakutoa hata chozi. Phanice akamwuliza, "Ulifika mwisho?" Mama akasema bado. "Basi nenda ufike, halafu tuongee." Yule mama alirudi macho mekundu, akachukua kingine cha rafu hiyohiyo. Ndiyo maana watu wanamwamini. Hasomi jina la mwandishi wala maneno matamu ya nyuma ya jalada, anasoma kitabu chenyewe, kisha anakutazama usoni na kukwambia, "Hiki ni chako."

Kitu kimoja tu maishani mwake hakuwahi kukipa jina, nacho kilikuwa kinamjia kila Jumapili na samaki mkononi.

Nitakwambia. Phanice ana ndugu mmoja, Chrispine. Wazazi wao walipofariki Chrispine alikuwa bado anang'oka meno ya utoto, na Phanice, msichana aliyetoka tu shuleni, ndiye aliyemlea, akamwosha, akamchapa, akamsomesha. Siku hizi Chrispine ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, fundi wa mafriji kule Homa Bay, pale wachuuzi wanapogandishia samaki wao. Anakaa mtaa unaoitwa Shauri Yako. Ndiyo, ndilo jina la mtaa, sikutukani. Na kila Jumapili alasiri anakuja Rongo na ngege aliyefungwa kwenye gazeti, anakaa kwenye benchi la dukani, na dada yake anaanza.

"Huyo wako utamleta lini?"

"Nitamleta, dada."

"Anajua kupika?"

"Kunishinda mimi."

"Na jina lake nani?"

"Utalijua siku nitakayomleta."

Kiswahili hiki ni lugha yenye huruma, wacha nikwambie. Ukisema "yeye" umesema yeye, basi. Neno halivai suruali wala sketi. Unaweza kumsimulia mpenzi wako kutoka Januari mpaka Desemba, anavyopika, anavyokoroma, anavyokasirika, na hakuna atakayejua ni mwanamume au mwanamke. Chrispine aliishi ndani ya neno hilo miaka mingi. Lakini jina ni mambo mengine. Kwa Wajaluo jina husema lenyewe, Otieno ni mwanamume na Atieno ni mwanamke, herufi moja tu na mambo yamekwisha. Kwa hiyo jina hakulitoa.

Phanice alijua? Naona alijua na hakutaka kujua. Wengi wetu tunaishi hivyo, na chakula kinapikika na usingizi unakuja.

Basi ikawa wiki ya kufungua shule, ile wiki wazazi wanakanyagana dukani wakitaka vitabu vya watoto, ndipo kifurushi kikaja kutoka Nairobi. Ndani mna nakala nyingi za riwaya mpya, *Taa za Remba*, ya kijana mmoja Mkuria wa upande wa Kehancha. Jaladani taa ya wavuvi inaelea juu ya maji meusi. Nyuma wameandika kwamba Omanga ni mvuvi wa kisiwa cha Remba, na kwamba siku moja Nchagwa anashuka kutoka kwenye boti na gunia la mahindi, hana pa kulala, na Omanga anamkaribisha kwenye chumba chake cha mabati. Ni hadithi ya mapenzi, wakasema, mahali ambapo watu ni wengi hata kitanda hulaliwa kwa zamu.

Phanice akaanza kukisoma palepale, kwa mkono mmoja, wa pili ukiuza kalamu na rula. Na kitabu kikamshika! Nchagwa anakoroga uji alfajiri ili Omanga akitoka ziwani aupate ukiwa moto. Nchagwa anaanika omena, dagaa wa ziwa hili, kwenye nyavu ufuoni, anazigeuza, anawafukuza ndege. Na wewe unajua, kama umewahi kufika ziwa hili hata kwa saa moja, kwamba wavuvi ni wanaume na waanikaji wa omena ni wanawake. Phanice hakuhitaji kuambiwa. Akamwona Nchagwa mbele yake, msichana mrefu mkimya, kitambaa kichwani. Alipofika pale dhoruba inapomrudisha Omanga akiwa nusu mfu, na Nchagwa, bila kusema neno, anapiga magoti na kumwosha miguu, Phanice alilia mbele ya wazazi waliokuwa wanadai vitabu vya hesabu. Hakuwa amevuka nusu. Lakini mapenzi akikutana nayo anayajua. Akafunga kitabu, akavipanga vyote kwenye ZA MAPENZI, mstari wa mbele.

Kisha akaviuza. Ee, aliviuza! "Chukua hiki, mama. Huyu Nchagwa atakumaliza." Akawauzia wauguzi, akawauzia walimu, akawauzia akina mama wa chama cha kanisa ambao husoma kitabu kimoja kwa pamoja na kukijadili wakinywa chai. Mwalimu Jerusha, mwenyekiti wao, akachukua cha kwanza.

Jumapili hiyo Chrispine akaja na samaki wake. Alipoinua macho kwenye rafu akasimama. Akakitoa kitabu kimoja, akakigeuza, akakaa nacho mkononi muda mrefu.

"Dada, hiki umekisoma?"

"Nimekisoma, tena nimelia," akasema Phanice. Hakusema nusu. Nani husema nusu?

"Na umekiweka hapa."

"Sasa ningekiweka wapi? Si ni mapenzi? Yule Nchagwa jamani, anajua kupenda."

Chrispine alicheka, kicheko ambacho Phanice hakuwa amekisikia tangu kijana huyo alipofaulu mtihani wa ufundi. Akala sahani mbili. Akatengeneza ile swichi ya taa iliyokuwa ikitoa cheche tangu Krismasi. Wakati wa kuondoka akamkumbatia dadake, yeye ambaye si mtu wa kukumbatia, akamwambia, "Jumapili ijayo nitakwambia jina."

Phanice akabaki mlangoni anatabasamu peke yake.

Katikati ya wiki, biashara ikiwa imetulia, akaenda kukaa na Nyasuguta penye ndizi. Nyasuguta ni Mkuria wa Isebania, hasomi riwaya ila anapenda kusimuliwa. Phanice akamwanzia hadithi: Omanga hivi, Nchagwa vile, uji, omena, miguu.

"Ngoja," Nyasuguta akamkatiza. "Huyo Nchagwa anaosha miguu ya nani?"

"Ya Omanga, bwana yake."

Nyasuguta akaweka chini kisu cha ndizi. Akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, mpaka machozi yakamtoka. "Nyar Karachuonyo! Nchagwa ni mwanamume! Mimi nina mjomba Nchagwa, ana ndevu mpaka hapa!"

"Acha mchezo."

"Kwetu hakuna msichana wa kuitwa hivyo. Uliza Mkuria yeyote, uliza hata mtoto!"

Phanice akarudi dukani mbio, ndara moja ikabaki njiani. Akafungua kitabu pale alipoachia, akapindua ukurasa, mwingine, na huo hapo: Nchagwa mbele ya kipande cha kioo, povu mashavuni, ananyoa ndevu. Yawa! Mwandishi hakuwa amemficha mtu chochote. Mkuria aliandika jina la Kikuria, na Wakuria wote waliokisoma walijua tangu mstari wa kwanza. Ni Rongo nzima, pamoja na Mama Vitabu wao, waliomvisha Nchagwa kitambaa kwa sababu ya omena.

Na walioendelea kusoma wakafika palepale. Mama wa kwanza alirudisha kitabu kimefungwa ndani ya mfuko mweusi. Wa pili alikirudisha bila hata salamu. Halafu akaja Elkana, mwenye ploti hiyo yote ya maduka, mzee wa kanisa, akasimama mlangoni akikohoa kikohozi cha kusema. "Dada Phanice, nasikia huku kwako kunauzwa vitu." Phanice akamwambia ni vitabu tu, mzee. "Ndiyo. Vitu," akasema Elkana, akaenda zake.

Siku iliyofuata akatokea Nicholas, kijana wa kampuni ya vitabu, viatu vyeupe, ametoka Nairobi akipitia kila mji. Malalamiko yalikuwa yamefika na huko. Akaweka mezani bunda la stika nyekundu: HADITHI YA MASHOGA. WATU WAZIMA TU.

Wacha niseme kidogo hapa, maana inaniudhi. Huko pwani mwanamke humwita mwenzake shoga akimwomba chumvi. Huku bara neno hilohilo watu wanarushiana ili liumize. Na sasa lilikuwa limechapishwa vizuri, lina gundi nyuma.

"Kwa nini?" Phanice akauliza.

"Ni soko, dada. Anayetaka atakiona, asiyetaka atakipita. Hivyo hakuna mtu anaumia. Hata vijana wa kampasi wakiona hiyo stika watakimbilia."

Phanice akatazama rafu yake ya ZA MAPENZI. Kulikuwa na kitabu cha daktari na muuguzi, cha mjane na dereva wa lori la miwa, cha mwalimu na mke wa mtu, hicho cha mwisho si cha mtoto kabisa. "Na hivi vingine? Mbona havina stika ya mwanamume na mwanamke?"

Nicholas akacheka kwa adabu, akaangalia saa. Hakuwa kijana mbaya, alikuwa ametumwa.

Na hapa sitamtetea Phanice. Aliogopa. Alifikiria kikohozi cha Elkana, akafikiria ile mifuko myeusi, akavitoa vitabu vyote kwenye rafu ya mapenzi na kuvisukuma chini ya meza ndani ya katoni. Kimoja akakibandika stika na kukiweka kwenye kona yenye vumbi, HATA MIMI SIJUI. Jumamosi wavulana wawili wa chuo wakaja, wakakiona, wakakipiga picha wakigongana mabega na kucheka, wakaondoka bila kusoma hata jina la mwandishi. Kumbe soko lenyewe ndilo hilo.

Jumapili Chrispine akafika. Samaki kwenye gazeti kama kawaida, lakini shati lilikuwa jipya, na alikuwa amenyoa. Alipita mlangoni akitabasamu, macho yakaenda moja kwa moja kwenye rafu. Tabasamu likabaki kidogo bila kazi, kisha likaondoka.

"Kimeisha?"

Phanice akajishughulisha na daftari za mezani. Chrispine akageuka, akakiona kwenye kona, akasoma stika, kisha akasoma kile kibandiko cha katoni juu yake.

"Hata wewe hujui," akasema. "Wiki iliyopita ulijua."

"Nilikosea, nyathina." Ndivyo anavyomwita, mtoto wangu, hata na umri huo. "Sikuwa nimemaliza. Nilidhani Nchagwa ni msichana."

"Ulidhani ni msichana."

"Kwa sababu ya omena."

Chrispine akaketi kwenye benchi, akatazama mikono yake. "Mimi nilikuwa nimeshakisoma kule Homa Bay, nikafikiri ulikuwa unaniambia kitu. Nilifika nyumbani nikamwambia, dada yangu anajua, amekiweka pamoja na wengine wote. Tulikaa tukafurahi mpaka tukasahau kula." Akainua macho. "Dada, wewe ndiye uliyenilea. Kama mahali pangu ni kwenye hiyo kona, uniambie tu. Nisikae nikitumaini."

Na unajua Phanice alisema nini? "Kaa ule kwanza." Mwanamke anayeuza maneno dukani, hayo ndiyo aliyoyapata.

Chrispine akainuka. Akaweka samaki juu ya meza, polepole, akanyoosha gazeti lisichafue daftari za kuuza, akatoka. Jina hakulisema. Samaki huyo Phanice alimpa Nyasuguta, maana yeye angemla vipi?

Jumapili iliyofuata benchi lilikaa tupu. Akapiga simu. "Nina kazi, dada, kuna friji imeharibika," sauti ikasema, sauti ya mtu anayeongea na mteja. Hilo ndilo lililomuuma. Phanice alikuwa amemzika mume, alikuwa amewazika wazazi, lakini huyu alikuwa hai, umbali wa safari fupi tu, na alikuwa anaondoka.

Kesho yake Mwalimu Jerusha akaingia dukani na *Taa za Remba* mkononi, bila mfuko. Akaketi kwenye benchi, akavuta pumzi. Phanice akajiandaa kuchapwa.

"Phanice, uliniuzia kitabu hiki."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nyamaza nimalize. Nilifika pale Nchagwa ananyoa ndevu. Nikasema, wamekosea kuchapa. Nikachukua kalamu nyekundu nisahihishe! Halafu ukurasa unaofuata Omanga anamwazima wembe. Nikarudi mwanzo, nikasoma upya nikijua ni mwanamume, nitafute mahali mlipotudanganya." Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso. "Sikupaona. Uji ni uleule, miguu ni ileile. Nililia palepale nilipolia mara ya kwanza. Sasa nifanye nini na hayo machozi, niyarudishe?"

Phanice akaanza kupanga upya kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Ya kanisani sijayajua bado. Mimi ni mzee, mambo mengine yananichukua muda. Lakini uliniambia ni cha mapenzi, na hukuniongopea. Sasa nikipita namwona Nchagwa wangu kule na utando wa buibui, amebandikwa jina ambalo hakuna mtu kitabuni anamwita. Kwa nini?"

"Niliogopa, Mwalimu."

"Hilo nimeliona," akasema Mwalimu Jerusha, lakini kwa upole.

Alipoondoka, Phanice akafunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo Rongo haijawahi kuliona, akaketi sakafuni kando ya katoni na kusoma ile nusu aliyoiruka. Alisoma Omanga na Nchagwa wakigombana juu ya chumvi. Akasoma kisiwa kikianza kunong'ona, na Nchagwa akiondoka kimya na gunia lake ili Omanga abaki na amani. Akasoma Omanga, mtu wa maji asiyejua nchi kavu, akimfuata mpaka Ukuria akiuliza njia nyumba kwa nyumba, na mama yake Nchagwa anamkuta mlangoni, anamtazama kutoka miguu hadi kichwa, na anasema tu, "Umekawia. Njoo ule."

Phanice alilia kilio cha sauti. Kinyozi wa jirani akagonga mabati akiuliza kama kuna msiba. "Hakuna!" akapaza sauti, "nasoma!"

Halafu akainuka, akajipangusa. Akavitoa vitabu vyote katoni, akavirudisha mahali pake, mstari wa mbele, kati ya daktari na muuguzi na mjane na dereva wa miwa. Kile chenye stika akajaribu kuibandua, ikang'oka na nusu ya taa, jalada likabaki na doa jeupe baya. Akakata kipande kidogo cha katoni, akaandika ZA MAPENZI, akakigundisha juu ya doa. Bunda la stika akalifunga kwa kamba, akampigia Nicholas. "Vitu vyako viko hapa, ukipita uvichukue." Nicholas akaanza habari ya soko. "Soko ni mimi, kijana wangu," akamwambia. "Mimi ndiye ninayewatazama usoni."

Elkana alipita kesho yake, kikohozi kikiwa tayari. Lakini benchini alikuwa ameketi Mwalimu Jerusha, miwani puani, *Taa za Remba* wazi mapajani, anaisoma mara ya tatu. Ndiye aliyemfundisha Elkana darasa la tatu, na kiboko alikuwa nacho enzi hizo. "Elkana, una kifua?" akamwuliza bila kuinua macho. Mzee wa kanisa akasema hapana Mwalimu, akaendelea na safari yake. Sisemi ameridhika, na kodi ya duka bado anaipokea kwa uso wa kununa. Lakini ameendelea na safari yake.

Jumapili Phanice hakwenda kanisani wala hakufungua duka. Alivaa gauni la buluu, akatia kile kitabu chenye doa mkobani, akaenda Homa Bay. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyetembelewa. Hakuwahi kuiona nyumba ya ndugu yake, na sasa ndipo alipojiuliza kwa nini hakualikwa, na kwa nini hakujialika.

Kule Shauri Yako akauliza kwa fundi Chrispine, wakamwonyesha ploti yenye lango la bati. Uani palikuwa na mwanamume mwembamba, suruali imekunjwa, ametandaza wavu juani na anaanika omena. Alipomwona Phanice mikono ikasimama. Nadhani alimjua kwa sura, wanafanana sana hao ndugu wawili.

"Shikamoo, dada," akasema, sauti ikimpotea. "Yuko ndani."

"Marahaba," Phanice akajibu, akapita.

Chrispine alikuwa anakunja nguo. Chumba kilikuwa safi, kitanda kimoja, vikombe viwili vya chai mezani, kimoja cha buluu, kimoja kimevunjika mkono. Phanice akavitazama vikombe hivyo kwa muda. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitabu, akakiweka kati ya vile vikombe viwili. Chrispine akasoma kipande cha katoni kilichogundishwa jaladani. Akapitisha kidole juu ya yale maandishi anayoyajua tangu utotoni, maandishi yaliyoandika jina lake kwenye kila daftari la shule.

"Nimekimaliza," Phanice akasema. "Vingine vyote vimerudi mahali pake. Niliogopa watu, nyathina, nikakuacha wewe. Nisamehe. Mahali pako ni palepale, hapajawahi kuwa kwingine."

Chrispine alifunika uso kwa shati alilokuwa akilikunja. Phanice akangoja. Hakumwambia anyamaze.

"Sasa niambie," akasema mwishowe. "Jina lake nani?"

Nje ndege waliparura mabati.

"Mayaka," Chrispine akasema ndani ya shati.

Sasa Rongo imepakana na Ukisii, na Phanice amewauzia vitabu akina Mayaka wasiohesabika, wote na sauti nzito na viatu vikubwa. Tena amepishana na huyu uani sasa hivi. Alijua vizuri sana. Lakini aliinamisha kichwa kama mtu anayefikiri.

"Mayaka. Hilo ni la mwanamume ama la mwanamke? Usinicheke. Mimi na majina ya watu nimeshaaibika mara moja."

Chrispine alitoa uso kwenye shati. Macho yamevimba, hajui acheke au alie, na miaka yote ya lile neno "yeye" imemjaa kifuani.

"La mwanamume, dada," akasema. "Ni mwanamume."

"Haya," Phanice akasema. "Nimesikia."

Akamshika kichwa, akamvuta begani kwake, akamkalisha hapo kama zamani. Kisha, juu ya kichwa hicho, akatazama nje kupitia mlangoni. Yule mwembamba alikuwa bado amesimama palepale, mikono tupu, hathubutu kusogea wala kuondoka.

"Wewe Mayaka!" akamwita kwa sauti kali, ileile anayowaitia watu wa nyumbani kwake. "Hiyo omena igeuze, chini bado mbichi! Halafu uje ndani tule."